Je, nyimbo za Li Qingzhao ni shajara ya maisha yake?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi natunga mashairi, na hivi karibuni nimesoma tafsiri chache za Li Qingzhao, mshairi wa kike wa China ya kale. Utangulizi wa kitabu umezigawa tungo zake mafungu mawili: za furaha, alipokuwa na mumewe, na za huzuni, baada ya kufiwa. Je, ni sahihi kuzisoma kama shajara yake? Tena kitabu kimoja kinasema aliolewa mara ya pili, kingine kinasema huo ni uzushi. Niamini kipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. La ndoa ya pili lina jibu fupi: aliolewa, na ushahidi upo. Nitaueleza baadaye. La kwanza linahitaji nafasi, kwa sababu utangulizi uliousoma unafuata desturi ya karne nyingi, na desturi hiyo imempunguzia mshairi huyu heshima anayostahili. Kwa maoni yangu nyimbo zake zisisomwe kama shajara. Maisha yake aliyaandika mwenyewe kwa nathari, waziwazi, na maandishi hayo tunayo. Nyimbo ni kazi ya fundi, na zinataka kusomwa hivyo.

Alizaliwa mwaka 1084 huko Zhangqiu, karibu na mji wa Jinan katika jimbo la Shandong la leo, wakati wa nasaba ya Song. Baba yake, Li Gefei, alikuwa ofisa na mwandishi aliyekuwa karibu na kundi la mshairi mkubwa Su Shi. Mwaka 1101 binti akaolewa na Zhao Mingcheng, mwanafunzi wa chuo cha kifalme katika mji mkuu, Kaifeng. Bahati mbaya baba mkwe, Zhao Tingzhi, alikuwa katika kambi ya siasa iliyopingana na ya Su Shi. Mwaka 1102 serikali ikatoa orodha ya maofisa wa kuadhibiwa, na jina la Li Gefei likawamo. Bi harusi akamwandikia baba mkwe shairi la kumwombea baba yake. Baadaye mzee huyo alipopanda hadi kuwa waziri mkuu, mkwewe alimwandikia tena, na mstari mmoja umesalia: mkono ni moto wa kuunguza, moyo ni baridi. Msichana wa miaka ya ishirini anamwambia hivyo mmoja wa watu wenye nguvu kuliko wote katika dola, tena baba wa mumewe. Uukumbuke mstari huo kila utakapoambiwa kwamba Li Qingzhao ni mshairi wa machozi.

Wakati wake kulikuwa na aina kuu mbili za tungo. Ya kwanza, shi, ilikuwa na mistari iliyolingana, na ndiyo iliyobeba siasa, historia, safari na urafiki wa wasomi. Ya pili, ci, ilitungwa kufuata muziki uliokwishakuwapo. Mtunzi alichagua lahani, na lahani ikampangia kila kitu: idadi ya mistari, silabi za kila mstari, mahali pa vina, hata toni za silabi, maana Kichina ni lugha ya toni. Wewe uliyezoea bahari, mizani na vina hutashangaa, ila ujue kwamba mistari ya wimbo mmoja haikulingana urefu, na lahani zenyewe zilikuwa mamia. Jina linaloandikwa juu ya wimbo ni jina la lahani tu, si la habari iliyomo. Muziki wenyewe umepotea. Tumebakiwa na maneno.

Ci zilikulia katika nyumba za burudani, zikiimbwa na wanawake kwa maneno waliyotungiwa na wanaume. Mkusanyiko mashuhuri wa mwaka 940, Huajian ji, una nyimbo 500 za washairi 18, wote wanaume. Katika nyingi kati ya hizo anayesema, au anayetazamwa, ni mwanamke mpweke: amekaa dirishani, pazia limeshushwa, ubani umezimika, mume yuko mbali. Hakuna anayedhani kwamba Wen Tingyun, kinara wa mkusanyiko ule, alikuwa akisimulia habari zake. Li Qingzhao aliposhika kalamu, mwanamke huyo wa dirishani alikuwa ameshaimbwa kwa zaidi ya miaka 150, ana desturi zake, mapambo yake na maneno yake. Mwanamume akimtunga tunasifu ufundi. Mwanamke akimtunga tunasema analia kweli. Hapo ndipo mimi ninapokataa.

Tuchukue wimbo wake unaojulikana kuliko wote, wa lahani ya Ru meng ling, silabi 33 tu. Haitang anayoitaja ni mti wa jamii ya tofaa wenye maua mekundu ya waridi. Nimeutafsiri hivi:

Jana usiku mvua haba, upepo mkali;
usingizi mzito haukuimaliza pombe iliyobaki mwilini.
Namuuliza anayekunja pazia,
naye ajibu: haitang iko vile vile.
Wajua? Wajua?
Sasa kijani kimenenepa, chekundu kimekonda.

Wenye kusoma shajara wanaona hapa asubuhi moja ya mke kijana, ameamka na uchovu wa pombe. Lakini mshairi Han Wo, aliyefariki mwaka 923, alikuwa na shairi ambalo ndani yake mvua imenyesha usiku, alfajiri ni baridi, mwanamke anajiuliza kama haitang bado ipo, kisha analala ubavu, anakunja pazia na kutazama. Weka tungo hizo mbili pamoja uone alichofanya Li Qingzhao. Ameingiza mtu wa pili, mtumishi. Ameondoa kutazama. Anayetazama kwa macho anasema hakuna kilichobadilika. Aliye kitandani, ambaye hajaona kitu, ndiye anayejua sawasawa kilichotokea bustanini, kwa kuisikia tu mvua na upepo wa usiku. Na ushindi wake haukuelezwa kwa hoja, umo katika silabi nne za mwisho, rangi mbili na maumbo mawili. Huyu ni mtunzi anayemjibu mtunzi mwenzake aliyetangulia, na kumzidi.

Kuna tatizo jingine ambalo waandishi wa tangulizi za vitabu hulipita kimya. Karibu nyimbo zake zote hazina tarehe. Wahariri wa baadaye ndio waliozipanga kwa miaka, na kipimo chao kilikuwa hali ya moyo: wenye uchangamfu ukawekwa ujanani, wenye majonzi ukawekwa ujaneni. Kisha wakazitumia nyimbo hizo hizo kuthibitisha kwamba ujana wake ulikuwa wa furaha na ujane wake wa majonzi. Hoja inajizunguka. Na mkusanyiko aliouacha mwenyewe ulipotea. Tunazo nyimbo zilizookolewa na vitabu vya wengine, zenye uhakika zikiwa kama hamsini tu. Kadiri karne zilivyopita, idadi ya nyimbo alizobandikwa ilizidi kuongezeka, na nyingi ya zile za nyongeza zinafanana mno na picha ya mjane mwenye huzuni ambayo wasomaji walikuwa tayari wanayo.

Sasa nathari. Mumewe alikuwa mkusanyaji wa maandishi ya kale yaliyochongwa kwenye mawe na kwenye vyombo vya shaba. Karatasi yenye unyevu hubandikwa juu ya jiwe, hupigwapigwa kwa wino, na maandishi hubaki. Zhao Mingcheng alikusanya nakala kama 2,000 za namna hiyo na kuziandikia kitabu, Jin shi lu, sehemu 30. Baada ya kifo chake mkewe aliongeza neno la mwisho la kitabu hicho. Mimi nalihesabu kuwa miongoni mwa maandishi bora ya nathari ya China nzima, na ningefurahi kila mtunzi wetu alisome.

Anasimulia jinsi walivyoanza wakiwa maskini kiasi. Siku ya kwanza na ya kumi na tano ya mwezi kijana alipewa ruhusa chuoni, akaweka nguo rehani kwa sarafu 500, akaenda soko la hekalu la Xiangguo, akarudi na nakala za maandishi na matunda, wakakaa kutazama huku wanatafuna. Mara moja waliletewa mchoro wa maua ya peoni wa mchoraji Xu Xi, bei sarafu 200,000. Wakakaa nao siku mbili, wakazunguka wakitafuta fedha, wakaurudisha, na kwa siku kadhaa mume na mke wakatazamana kwa unyonge. Zhao Tingzhi alipofariki mwaka 1107 familia ilipoteza nafasi yake, nao wakahamia Qingzhou, wakaishi huko zaidi ya miaka kumi. Baada ya chakula cha jioni walichemsha chai na kushindana: jambo fulani limo katika kitabu gani, sehemu gani, ukurasa gani, mstari gani? Aliyepata ndiye aliyetangulia kunywa. Yeye, anasema, alikuwa na kumbukumbu kali, na kwa kucheka kwake akiwa ameshika kikombe chai ilimwagikia kifuani asiinywe hata kidogo.

Hapa ndipo wengi huacha kunukuu, wakaita ndoa njema. Ukiendelea kidogo unakuta mengine. Mkusanyiko ulipokua, Zhao alijenga makabati yenye kufuli na daftari la kuandikisha. Mke akitaka kusoma, aombe ufunguo. Ukurasa ukichafuka kidogo, aliyeuchafua ashikwe ausafishe. Li Qingzhao anaandika bila kuficha kwamba kitu kilichotafutwa kiwe starehe kikageuka kero, na kwamba yeye hakuweza kuvumilia. Akapunguza nyama mezani, akapunguza mavazi ya rangi, akaacha lulu na vito, ili anunue nakala za kawaida za vitabu ambazo angezisoma apendavyo. Ndoa aliyoieleza yeye ina mapenzi ndani yake na ina kuudhiwa ndani yake, na hakuchagua kimoja ili kumfurahisha msomaji.

Mwaka 1127 majeshi ya Wajurchen, watu wa kaskazini, yaliiteka Kaifeng na kuwachukua mateka wafalme wawili, Huizong na mwanawe Qinzong. Dola ikakimbilia kusini. Zhao alikuwa ametangulia huko kwa msiba wa mama yake. Mke akafuata na mikokoteni 15 ya vitabu, baada ya kuacha vitabu vikubwa vilivyochapwa, kisha michoro ya vipande vingi, kisha vyombo vya kale visivyo na maandishi. Vilivyobaki Qingzhou, vyumba zaidi ya kumi, viliteketea kwa moto mwishoni mwa mwaka huo. Mwaka 1129 Zhao akaitwa kushika jimbo la Huzhou. Wakaagana ukingoni mwa mto. Mke, akiwa chomboni, akapaza sauti: nikisikia mji uko hatarini, nifanye nini? Mume akanyoosha kidole na kujibu kutoka ufukweni: fuata watu. Ikibidi, tupa kwanza vyombo vya nyumbani, kisha nguo, kisha vitabu, kisha vya kale. Ila vyombo vya matambiko vibebe mwenyewe, uishi navyo au ufe navyo. Akapanda farasi akaondoka. Alisafiri juani bila kupumzika, akaugua, na siku ya 18 ya mwezi wa nane akafariki. Mke aliyewahi kumfikia anaandika kwamba alishika kalamu, akatunga shairi, akalimaliza, akakata roho, bila kuacha neno lolote la jinsi walio nyuma yake wataishi. Ameliweka hivyo, bila kuongeza. Mimi nalisikia lawama humo kila ninaposoma.

Yaliyofuata ni hasara juu ya hasara. Mali iliyopelekwa Hongzhou kwa usalama, vitabu 20,000 na nakala 2,000 za maandishi, ilipotea mji ulipotekwa. Ukazuka uvumi kwamba mumewe alikuwa amempelekea adui zawadi ya chombo cha thamani, naye mjane akafunga safari kumfuata mfalme mpya, mkimbizi, mji kwa mji, mwisho kwa bahari hadi Wenzhou, akitaka kukabidhi vyombo vyote vya shaba ili kusafisha jina. Huko Yuezhou mwizi alitoboa ukuta wa nyumba alimopanga na kuchukua makapu matano. Anavitaja vyote kwa idadi na mahali. Hiyo ndiyo shajara uliyokuwa ukiitafuta.

Nije kwenye wimbo mmoja ambao kweli una mahali pake. Mwaka 1134 vita vilimfukuza tena, akakimbilia Jinhua. Mito miwili ya hapo huitwa Shuangxi, nao wimbo wa lahani ya Wuling chun unaitaja:

Nasikia Shuangxi majira ya chipuko bado ni mazuri,
nami nimewaza kupanda mtumbwi mwepesi.
Ila nachelea mitumbwi ya Shuangxi ni midogo,
haitaubeba wingi huu wa huzuni.

Kwa huu nakubali: ni wa Jinhua, na maumivu yake si ya kuazima. Lakini katika Jinhua hiyo hiyo, mwezi wa 11 wa mwaka 1134, aliandika kitabu cha maelezo ya mchezo wa ubaoni uitwao da ma, mchezo wa kete na farasi. Katika dibaji anasema anapenda michezo ya kamari kupita kiasi, akianza husahau kula na kulala, na maisha yake yote ameshinda mara nyingi kuliko kushindwa. Sababu? Umahiri tu, anasema. Anaeleza kwamba ameshuka chomboni, amepata nyumba yenye madirisha, taa zinawaka, usiku ni mrefu. Basi ufanyweje usiku huo? Mchezo! Mjane wa miaka 50, mkimbizi, amepoteza karibu kila kitu, na anafundisha watu namna ya kushinda kwenye kete. Wimbo wa mtumbwi na dibaji ya kete vimetoka kwa mtu mmoja katika mji mmoja. Anayetaka kumjua Li Qingzhao wa Jinhua avisome vyote viwili, kisha aniambie kama wimbo ule unaweza kuitwa picha kamili ya hali yake.

Hata katika shi alikuwa mtu mwingine. Alipotaka kusema juu ya dola iliyokimbia, hakumtumia mwanamke wa dirishani. Alitunga silabi 20 juu ya Xiang Yu, jemadari aliyeshindwa vitani mwaka 202 kabla ya Kristo, akakataa kuvuka mto kurudi kwao na akajiua:

Ukiwa hai, uwe shujaa wa watu;
ukifa, uwe jemadari wa mizimu.
Hadi leo namkumbuka Xiang Yu
aliyekataa kuvukia mashariki ya mto.

Mfalme wa Song aliyekimbilia kusini alikuwa amevuka. Wasomaji wengi wanaongeza kwamba shairi linamchoma hata mumewe, aliyekuwa mkuu wa mji wa Jiangning mwaka 1129 na ambaye, askari walipoasi usiku, alishuka ukutani kwa kamba na kutoroka. Mimi siwezi kukuhakikishia kwamba alikusudia hilo. Lakini mfalme amo, hakuna shaka.

Mgawanyo huo wa kazi alikuwa nao kichwani waziwazi. Katika insha yake fupi juu ya ci anadai kwamba ci ni nyumba inayojitegemea. Anawapitia mabingwa waliomtangulia mmoja mmoja: Liu Yong anajua muziki lakini maneno yake ni ya chini, Su Shi, rafiki wa baba yake, pamoja na Ouyang Xiu, elimu yao ni bahari, ila ci zao ni shi zilizokatwa mistari isiyolingana, wala mara nyingi hazikai kwenye lahani. Mtu mwenye msimamo kama huo juu ya sauti na kanuni hakai akamwaga moyo karatasini ovyo. Ule mwanzo wa wimbo wake wa lahani ya Shengsheng man, maneno saba yanayorudiwa kila moja mara mbili, silabi 14 mfululizo, ni kitu ambacho watunzi wa Song wenyewe walikistaajabia kama ujasiri wa kiufundi. Huzuni yake inaaminika kwa sababu fundi hakutetereka.

Sasa ndoa ya pili. Mwaka 1132, akiwa Hangzhou, mgonjwa na bila ulinzi, aliolewa na ofisa mdogo, Zhang Ruzhou. Alichotaka mtu huyo ni mabaki ya mkusanyiko. Alipoona hayapati, akaanza kumpiga. Baada ya siku kama mia moja mke alimshtaki, si kwa kipigo, bali kwa kudanganya idadi ya mitihani aliyofanya ili apate cheo. Sheria ya Song ilikuwa kwamba mke anayemshtaki mume afungwe miaka miwili, hata kama shtaka ni la kweli. Aliijua, akaenda. Zhang akavuliwa cheo na kupelekwa uhamishoni Liuzhou, na yeye akakaa gerezani siku tisa tu, kwa kuwa Qi Chongli, ofisa mkubwa aliyekuwa na undugu na familia ya Zhao, alimwombea. Barua yake ya kumshukuru imehifadhiwa, na waandishi kadhaa wa Song wanaitaja ndoa hiyo, baadhi wakati yeye yu hai bado. Wang Zhuo, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1149, anakisifu kipaji chake na papo hapo anamlaani kwa kuolewa tena na kwa ulegevu wa nyimbo zake.

Ukanusho ulikuja karne nyingi baadaye, chini ya nasaba ya Qing, enzi ambayo mjane aliyebaki bila kuolewa alitukuzwa kupita kiasi. Msomi Yu Zhengxie, aliyeishi 1775 hadi 1840, aliandika utetezi mrefu kwamba barua imechezewa. Nia yake ilikuwa njema: alimpenda mshairi na akataka kumsafisha. Lakini katika kumsafisha alimnyang'anya kitendo cha ujasiri kuliko vyote alivyofanya. Katika karne ya 20 watafiti walirudi kwenye vitabu vya Song, na leo wengi wao wanakubali kwamba ndoa ilikuwapo. Picha ya mjane mwaminifu anayelilia nyimboni na ukanusho wa ndoa ya pili vimetoka shina moja, ndiyo maana maswali yako mawili kwangu ni swali moja.

Alifariki karibu mwaka 1155. Uzeeni alitaka kumfundisha binti wa ukoo wa Sun, mtoto wa miaka kumi na kitu mwenye akili. Mtoto alikataa, akisema uandishi si kazi ya mwanamke. Tunalijua hilo kwa sababu mshairi Lu You alipoandika maneno ya kaburi ya huyo binti wa Sun baadaye, alilitaja kama sifa yake.

Basi ukipata tafsiri nzuri, anza na neno la mwisho la Jin shi lu, kisha barua kwa Qi Chongli, kisha dibaji ya da ma. Nyimbo ziache nyuma ya hizo. Utakapozifikia, funika kwa karatasi mwaka ambao mhariri ameuandika juu ya kila wimbo, na kitabu kikikupa nyimbo nyingi kupita hamsini, angalia kama kinasema kila moja ilitoka wapi. Kwa kuwa wewe ni mtunzi, chukua Han Wo na Ru meng ling, ukae nazo meza moja, kisha utunge ya tatu kwa bahari yako.